Darasa la Kulalamika la Mama Eva

Rhotia nzima, kuanzia barabara ya lami hadi mashamba ya juu yanayopakana na msitu, inajulikana kwa watu wenye adabu. Mtu akikutana na mwenzake njiani atamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mahindi, za ng'ombe na za mvua, naye atajibiwa nzuri mara tano, hata kama mahindi yamekauka na ng'ombe kafa jana. Matatizo yatakuja baadaye, taratibu, mtu akishasogezewa kigoda. Ndiyo maana watu walishangaa waliposikia kwamba Antonia Tluway, anayeitwa Mama Eva, muumini mzuri na mwanakwaya wa miaka mingi, amepiga marufuku salamu ndani ya ukumbi wa kigango.

Aliandika kabisa kwa chaki juu ya mlango: HAPA HATUSALIMIANI. Katekista alikuja asubuhi akalifuta tangazo, mchana Mama Eva akaliandika upya kwa herufi kubwa zaidi, na mvutano huo ulidumu wiki mbili bila hata mmoja wao kumsemesha mwenzake, maana wangeanzaje kusemeshana bila salamu.

Marufuku hiyo ilikuwa na chanzo, na chanzo ni marehemu mume wake. Clemensi alikuwa sajini. Alirudi kutoka vita vya Kagera na kipande cha chuma cha ukubwa wa punje ya harage karibu na pafu, nacho kikakaa humo kwa amani miaka mingi, kisha uzeeni kikaanza kuhama. Walipokuja madaktari wa kuwapima askari wa zamani, Clemensi aliulizwa hali, jibu likawa hajambo, daktari akaandika "hana malalamiko" na kufunga faili. Baada ya miezi minane Clemensi akafariki. Hivyo ndivyo Mama Eva alivyoisimulia habari hiyo, haraka haraka, akitazama pembeni kana kwamba kuna kuku anaingia jikoni. Wakati huo Mama Eva alikuwa na miaka arobaini na tisa. Hasira aliyobaki nayo ingetosha kulima ekari tatu kwa jembe la mkono, na kweli alizilima, lakini hasira haikupungua.

Ndipo alipoanzisha kikundi chake cha kuwasaidia askari waliojeruhiwa. Aliwatafuta mmoja mmoja, wa Karatu na wa ng'ambo ya geti la Ngorongoro, akawaandikia barua, akawasindikiza hospitali, akawaombea vitu. Kwa kuomba alikuwa hana haya hata kidogo. Hoteli za watalii za Karatu zote zilimjua, kwa sababu mtalii akiteguka mguu huko kreta hununuliwa magongo, na akiondoka huyaacha chumbani. Ubaya ni kwamba watalii hao wengi wao ni warefu. Mzee mmoja wa Oldeani alipoyajaribu magongo ya Mdachi, mguu wake haukugusa chini, akabaki ananing'inia katikati kama nguo iliyoanikwa, mpaka seremala alipoitwa na msumeno.

Buti nazo zilikuwa na mambo yake. Huyo mzee wa Oldeani hana mguu wa kushoto, na mwenzake wa Endabash hana wa kulia, na kwa bahati wote wawili wanavaa namba tisa. Mama Eva akawa anawagawia jozi moja kila mwaka, kila mtu na buti lake. Mzee wa Endabash ni mtu wa kutembea, buti lake huisha mapema, ndipo huanza kudai kwamba mwenzake analiweka la kwake kabatini kwa makusudi ili amwonyeshe. Ugomvi huo uliwahi kufika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwenye maofisi alikuwa na mtindo wake. Akiambiwa arudi kesho, hakurudi kesho wala hakuondoka. Alikuwa akikaa kwenye benchi la koridoni, anatoa ungo na mfuko wa maharage kwenye kikapu, anaanza kuchambua. Mabovu aliyatupa pembeni, na baada ya saa moja koridoni kulikuwa hakupitiki. Makarani wakajifunza kwamba njia nafuu ya kusafisha sakafu ni kumpa Mama Eva anachokitaka.

Siku moja, katika kuchambua kwake, akapewa barua. Jopo la madaktari lilikuwa linakuja tena Karatu baada ya wiki tatu kuwapima upya majeruhi wa vita. Atakayeonekana ana shida atapewa rufaa, atapasuliwa ikibidi, na mwenye kuhitaji kiungo atatengenezewa kipya. Lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo, kulikuwa na sharti: aliyewahi kuandikwa "hana malalamiko", akiandikwa hivyo mara ya pili, faili lake litafungwa moja kwa moja.

Mama Eva aliusoma mstari huo, ungo ukamponyoka magotini. Alikuwa amemkumbuka Sakaya.

Sakaya ni mzee wa Arash, kule Loliondo, umri wake sitini na minane. Alikwenda vitani kijana, akarudi bila mguu wa kushoto kuanzia chini ya goti, na Kiswahili alichorudi nacho ni cha kambini: kifupi, kilichonyooka, chenye afande nyingi. Mguu wake wa bandia ulikuwa na miaka zaidi ya thelathini. Mikanda yake ilikatika zamani, yeye mwenyewe akaishona upya kwa ngozi ya Ng'iro, ng'ombe dume aliyempenda kuliko wote, na manyoya akayaacha kwa nje. Kwa mbali mtu angedhani mzee anatembea na mguu mmoja wa binadamu na mmoja wa ndama. Na ndani ya ngozi hiyo kigutu kilikuwa kimechimbika kidonda ambacho kila masika kilifunguka upya.

Kwa hiyo Sakaya aliacha kutembea, akaanza kupanda punda. Mtu asiyejua mambo ya Wamasai hataona ajabu. Anayejua ataelewa kwamba punda ni mali ya wanawake, anabeba maji na kuni, na mwanamume mzima kuonekana juu yake ni jambo ambalo marika zake hawalisemi, wanaangalia tu chini na kukohoa. Sakaya alivumilia kikohozi hicho mara mbili, halafu akaacha kwenda kwenye vikao vya wazee. Ng'ombe wake walichungwa na wengine, yeye akawa anawaona jioni wakirudi, akiwahesabu akiwa amekaa. Naye mke wake, Nasieku, alikuwa akibeba maji mgongoni kwa sababu punda wake amechukuliwa. Alimpigia simu Mama Eva mwenyewe, akasema hataki kingine, anataka mume wake apewe mguu ili yeye arudishiwe punda.

Mara ya kwanza Sakaya alipopimwa, miaka minne nyuma, alisafiri siku nzima kutoka Arash, akaingia chumbani na damu ndani ya katambuga yake ya tairi, akaulizwa kama hajambo. Akasema hajambo. Akaulizwa kama mguu unamsumbua. Akasema haumsumbui. Akapiga saluti, akatoka. Mama Eva aliyekuwa akisubiri nje hakuwahi kuona mtu akitoka haraka namna ile, hata kwenye chanjo. Alipojua kilichotokea, hakumpigia simu mwezi mzima.

Sasa ilikuwa imebaki nafasi moja. Ndipo wazo la darasa lilipozaliwa.

Sakaya aliletwa na basi la kutoka Wasso wiki mbili kabla ya siku yenyewe, akapokelewa nyumbani kwa Emilian, koplo mstaafu hapo hapo Rhotia, ambaye alijeruhiwa kwenye ulinzi wa amani nchi za nje. Bega la Emilian lilikuwa limekaza, na sikio lake moja lilibaki la mapambo. Yeye pia alikuwa anakwenda kupimwa, akaandikishwa darasani. Kila siku saa nane mchana wanafunzi hao wawili waliketi katika ukumbi wa kigango mbele ya Mama Eva, naye akajifanya daktari, amevaa koti jeupe la mpishi lililotoka kwenye moja ya hoteli zake.

Somo lilikuwa moja tu: ukiulizwa hali, taja panapouma. Usishukuru, usitabasamu, usiulize na wewe habari za daktari.

Emilian aliiva kwa siku mbili. Siku ya kwanza alilalamikia bega. Ya pili alilalamikia bega, sikio, mgongo, godoro, na jinsi serikali ya kijiji ilivyopitisha mfereji karibu na shamba lake. Siku ya nne mke wake, Angela, alikuja ukumbini na kusimama mlangoni akiwa amejishika kiuno. Alisema ameishi na mwanamume huyu miaka ishirini bila kusikia neno, na sasa tangu aanze masomo haya ugali ni mgumu, chai ni baridi, mto wa kulalia umeinama upande. Akaomba arudishiwe mume wake alivyokuwa. Mama Eva alimjibu kwamba asubiri mtihani upite.

Kwa Sakaya lakini, hakuna kilichoingia. Mama Eva aliuliza, "Mzee Sakaya, habari ya mguu?" Sakaya alijibu, "Nzuri." Akatolewa nje, akaingia upya, akaulizwa upya, akajibu, "Salama." Akatolewa. Alitolewa nje mara kumi na moja siku ya kwanza, kwa mguu ule ule mbovu, na mara zote alikwenda na kurudi bila kukunja uso. Mama Eva alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumfokea, akajaribu hata kumkanyaga kidogo kwenye ule mguu mzima. Sakaya alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwonea mwenzake haya.

Mwishowe alimweleza. Alipokuwa kijana alisimama mbele ya kisu cha tohara, boma zima likimwangalia, mama zake, wajomba zake, wasichana wote, na hakupepesa hata ukope. Kwa kusimama huko alipewa ng'ombe, na uzao wa ng'ombe hao ndio anaowala mpaka leo. "Mama Eva," alisema, "nimekula ng'ombe wa kutolia miaka hamsini. Leo nilie, niwarudishe?"

Mama Eva alivua koti la mpishi. Zilikuwa zimebaki siku tano, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo aliogopa. Alirudi nyumbani akakaa jikoni bila kuwasha moto, akimwona Sakaya akizeeka juu ya punda, kidonda kikipanda gotini, na faili likipelekwa stoo kama lile la Clemensi.

Kilichomwokoa ni ng'ombe wa katekista. Kesho yake, wakati wa mapumziko, Sakaya alikuwa amekaa kwenye ngazi za ukumbi, na ng'ombe huyo akapita akielekea majanini. Sakaya akanyanyua kichwa. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaanza. Alisema ng'ombe yule anaumwa kwato ya mbele kulia, tena si leo, ni siku ya nne. Angalieni anavyotua ule mguu, anaanza na ukingo. Kuna kitu kimeingia katikati ya kwato, usaha umeshaanza, kwa sababu anaulamba akisimama. Akilala analalia upande wa kushoto, na asubuhi anaamka kwa kuanza na magoti. Hana hamu ya majani, anakula kwa heshima tu. Mwenye ng'ombe huyu, Sakaya akamalizia, hana macho au hana roho.

Mwenye ng'ombe alikuwa amesimama nyuma yake na kitambaa cha kufutia chaki. Aliangalia kwato, akakuta mwiba na usaha, akaondoka na ng'ombe wake bila kufuta chochote.

Mama Eva alibaki ameshika kikombe. Mzee huyu, ambaye wiki nzima hajatoa neno juu ya mguu wake zaidi ya nzuri na salama, alikuwa amesema mengi zaidi kwa dakika tatu kuliko Emilian kwa siku mbili, tena kwa mpangilio ambao daktari yeyote angeutamani. Akavuta kigoda akaketi mbele yake. Hakumuuliza habari.

"Mzee Sakaya," alisema, "kama ungekuwa na ng'ombe dume mwenye mguu kama huo wako, ungenielezaje?"

 Sakaya aliangalia barabara, akaangalia fimbo yake. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeongea mnadani, akaanza kueleza habari za ng'ombe huyo. Mama Eva alimjua Sakaya miaka saba, lakini siku hiyo ndipo alipojua ukubwa wa kile kidonda, harufu yake, na idadi ya hatua ambazo ng'ombe huyo huzitembea asubuhi kabla maumivu hayajazoeleka. Sakaya alipomaliza, Mama Eva alitoka nje akajifanya anaangalia mawingu. Alilia hapo penye uzio, na hakujali kama katekista anamwona.

Upimaji ulifanyika Karatu mjini. Daktari aliyewapokea alikuwa kijana wa miwani, amechoka tangu asubuhi. Ukutani palikuwa na tangazo: MSINDIKIZAJI HARUHUSIWI KUMJIBIA MGONJWA. Mama Eva alilisoma mara mbili, uso ukamwiva, akaenda kuketi kwenye benchi la mle ndani, karibu na mlango. Emilian, aliyemjua vizuri, alitegemea aanzishe ugomvi juu ya tangazo hilo. Safari hii hakuuanzisha.

Emilian ndiye aliyetangulia, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Mwalimu alikuwa amemfundisha kuanza, alisahau kumfundisha kunyamaza. Alianza na bega saa nne kamili. Saa nne na nusu alikuwa amefika kwenye mfereji. Alipofika kwenye ugali wa Angela, daktari aliweka kalamu chini, akainua mikono yote miwili kama mtu aliyeshikwa mateka, akamwambia kwamba amesikia, ameandika, rufaa atapata, ila ampishe mwenzake. Chai ya daktari ilikuwa imepoa, na foleni nje ilikuwa imefika getini. Alichokuwa anakitamani saa ile ni mgonjwa wa maneno mawili.

Emilian akaenda kuketi kando ya Mama Eva, akaingia Sakaya, amevaa shuka jipya na kiatu kimoja cha kuazima kutoka kwa Emilian. Akapiga saluti.

"Mzee, hujambo?" daktari aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya karatasi.

"Sijambo, afande."

Mama Eva alifumba macho.

Daktari aliuliza habari za safari, akajibiwa nzuri. Akauliza habari za Arash, akajibiwa salama. Akauliza kama mguu unamsumbua, na Sakaya akasema haumsumbui. Kalamu ikashuka kwenye kisanduku cha malalamiko katika fomu. Kwenye benchi Mama Eva alishika ubao kwa mikono miwili, mdomo umeshafunguka, akaliona tena lile tangazo, akaufunga. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kama kuufunga mdomo huo.

"Ila nina ng'ombe dume," Sakaya akasema.

Daktari alimweleza kwa upole kwamba yeye anatibu watu, ofisi ya mifugo iko ng'ambo ya barabara. Sakaya alisema anaijua, lakini ng'ombe huyu hawezi kutibiwa huko. Akaendelea bila kusubiri ruhusa. Ng'ombe huyo, alisema, mguu wake wa kushoto una kipande cha chini ambacho si cha kwake. Asubuhi anaukanyagia ukingo, hatua saba, ya nane ndipo anapata pumzi. Kidonda chake ni kipana kama kifuniko cha soda, na kimechimbika kiasi cha kucha ya kidole gumba, masika kinafunguka, kiangazi kinajifanya kimepona. Usiku analala upande mmoja. Nzi wanamjua. Akitembea hadi mtoni anarudi na damu, kwa hiyo siku hizi haendi, wenzake wakitoka kwenda malishoni yeye anabaki zizini na ndama.

Kalamu ya daktari ilikuwa imesimama. Halafu ikaanza kuandika.

"Ana umri gani huyo ng'ombe?"

"Sitini na minane."

Daktari alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Na kwenu, mzee, ng'ombe wa namna hiyo mnamfanyaje?"

"Tunamchinja," Sakaya alisema. "Ila huyu mke wake amekataa."

Emilian alicheka kwa sauti, kisha akaacha, kwa sababu Sakaya alikuwa ameshapandisha shuka na kuanza kufungua ile mikanda ya Ng'iro. Chumba kilikuwa kidogo, harufu ikafika kwa kila mtu. Daktari alipiga magoti sakafuni na suruali yake safi, akakishika kigutu kwa mikono miwili, akakaa hivyo kitambo. Hakumuuliza tena kama hajambo. Aliporudi mezani, sehemu ya malalamiko ilijaa, akageuza karatasi akaandika nyuma.

Kwenye fomu palikuwa pamebaki mstari mmoja, mahali alipojeruhiwa. Sakaya akasema ni Kyaka, karibu na mto. Daktari akamwambia yeye ni mzaliwa wa huko huko, na bibi yake alikimbia vita hivyo na mtoto mgongoni, ambaye ndiye baba yake.

"Basi mguu wangu uko kwenu," Sakaya alisema. "Mnitunzie."

Alipasuliwa mwezi uliofuata, na baada ya kupona akatengenezewa mguu mpya, mwepesi, wa rangi ya chai ya maziwa. Sisemi kwamba ulikuja bila vituko. Siku ya kupimwa mguu huo Mama Eva, kwa kutaka mzee aonekane nadhifu mbele za watu, alimvisha viatu vya ngozi vya Emilian, vyenye kisigino, na fundi akauseti mguu kwa urefu wa kisigino hicho. Sakaya aliporudi Arash akavaa katambuga zake bapa, na kila akisimama mwili ukawa unamvuta kwenda nyuma. Askari ambaye hakurudi nyuma hata mbele ya mizinga, akawa anarudi nyuma mbele ya mbuzi wake. Nasieku alishika punda kamba, akasema punda huyo asifikiriwe tena. Ikabidi Sakaya abandike kipande cha tairi chini ya kisigino cha katambuga moja, na hapo ndipo dunia ilipokaa sawa. Marika zake walipomwona anaingia kwenye kikao kwa kutembea, walikohoa, kwa mazoea tu.

Emilian naye alipata kifaa cha sikio. Sasa anamsikia Angela vizuri, na hilo ndilo lalamiko lake jipya.

Miezi saba baada ya siku ile ya Karatu, Mama Eva alikuwa uwanjani kwake akipura maharage kwa fimbo, peke yake, binti yake Eva akiwa ameshaolewa Mbulu. Akaona mtu wa shuka anakuja na njia kutoka barabara ya lami, bila haraka, bila gongo. Mwendo wa kutoka kituoni hadi pale ni nusu saa kwa mtu mzima, na una mlima. Mama Eva alisimama akamwangalia mpaka alipofika.

"Habari za hapa, Mama Eva?"

"Nzuri, mzee. Karibu."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Wewe mwenyewe?"

"Salama tu, tunamshukuru Mungu."

Sakaya hakukaribia kigoda alichosogezewa. Aliegemea fimbo yake, amesimama kwa miguu miwili, akamtazama kama alivyomtazama ng'ombe wa katekista. Mama Eva akatazama pembeni, na pembeni hapakuwa na kuku.

"Ng'ombe wako ana nini, Mama Eva?"

Alitaka kusema kwamba yeye anafuga mbuzi. Alitaka kuuliza habari za Nasieku na za punda. Badala yake alikaa chini juu ya maganda ya maharage, fimbo ikiwa mapajani.

"Clemensi hakusema hajambo," alisema. "Clemensi alikuwa anakohoa, hakuweza kusema. Daktari aliuliza, mimi ndiye niliyejibu. Nilisema anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Niliona haya kuanza na shida kwenye ofisi ya watu. Akaandika nilivyomwambia."

Hakuwa amemwambia mtu yeyote, si padri, si Eva. Maneno yalipotoka alihisi kifua kinamuuma mahali hasa, pa kugusika kwa kidole, na akapagusa.

Sakaya hakumwambia kwamba si kosa lake, wala kwamba ni mipango ya Mungu. Aliuliza maswali ya mtu wa mifugo. Tangu lini? Miaka kumi na moja. Anakula? Anakula. Analala? Halali vizuri, hasa mwezi wa saba, mwezi aliokufa Clemensi. Anatembea na wenzake? Hapo Mama Eva alifikiri, akasema anatembea sana, anazunguka wilaya nzima, ila hakai.

Sakaya alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeuona mwiba ulipo. Ndipo akajishusha kwenye kigoda, akaunyoosha ule mguu mpya mbele yake, akachukua fimbo ya kupuria mapajani mwa Mama Eva.

"Endelea," alisema, akianza kupura polepole. "Leo sina haraka. Nimekuja kwa miguu yangu."

Mama Eva akaendelea, na maharage ya mwaka ule yalipurwa na mzee wa Kimasai aliyekuwa hajawahi kushika harage, ndiyo maana mengi yalivunjika.